Tupeane uzoefu: uliwahi kuletewa dawa za kuongeza nguvu michezoni? Ulifanyaje?

Vumbi Jekundu:
Wakuu, tangu mkimbiaji wa Kenya Ruth Chepngetich afungiwe miaka mitatu kwa dawa zilizokatazwa Oktoba 2025, mwaka mmoja tu baada ya ile rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, 2:09:56 ya Chicago, vijiweni tunabishana kuhusu mabingwa tu. Nataka tusikilizane sisi ambao hatukufika huko. Naanza mimi.

Mwaka 2013 nilikuwa kambi ya wakimbiaji Iten, Kenya, tukilala wanne chumba kimoja. Jioni moja akaja jamaa na thamosi ya chai, ile yenye maua. Kuifungua, barafu tupu, na katikati vichupa viwili. Ilikuwa EPO, dawa ya sindano ya kuongeza damu, na lazima ikae kwenye baridi. Akasema itaongeza chembe nyekundu za damu, pumzi haitakata. Pesa sikuwa nayo. "Utalipa ukishinda." Nikamuuliza, damu ikizidi inakuwaje? "Inakuwa nzito kidogo."

Mjomba wangu alikuwa amepooza upande mmoja tangu Krismasi, damu ilimganda kichwani. Nikachukua kifuniko, nikaifunga thamosi kwa mkono wangu.

Mwenzangu wa kitanda cha juu alinunua. Baadaye tukakimbia mbio moja, zisizo na vipimo: yeye wa pili, mimi wa saba. Zawadi ziliishia wa sita. Nilirudi nyumbani kwa nauli ya kukopa, na bado inaniuma.

Kocha wa Mtaani:
Wa saba! Pole sana ndugu yangu. Hata wakubwa huibiwa hivyo. Marathoni ya Boston 2014 Rita Jeptoo wa Kenya alikata utepe, baadaye matokeo yakafutwa kwa sababu ya EPO. Buzunesh Deba wa Ethiopia akawa mshindi kwenye karatasi, na pesa ya ushindi akaisubiri miaka na miaka.

Goti Bovu:
Mimi nilifungiwa miaka miwili. Goti lilivimba, nikaenda zahanati moja, nikadungwa sindano, nikashukuru nikaondoka. Kumbe ni triamsinoloni, dawa ya kupunguza uvimbe iliyokatazwa mashindanoni. Sheria inasema kilichokutwa mwilini mwako ni chako, haijalishi nani amekudunga. Nililia sana, ila leo nakubali: bila hivyo hata aliyenunua ya kwenye thamosi angesingizia daktari. Wadogo zangu, ulizeni jina la dawa kabla hamjapandisha mkono wa shati.

Mwalimu wa Gym:
Niko Dar, sijawahi kushindana na mtu, kwa hiyo nilijiambia simuibii yeyote. Nilijichoma steroidi karibu miaka miwili. Mabega yakajaa, chunusi zikanijaa mgongoni, chuchu zikaanza kuvimba na kuuma hata nikivaa fulana. Nilivumilia, kwa sababu mwili ule ulikuwa biashara: nikiuza programu ya siku 90, na kila aliyeuliza siri nilimjibu mayai, viazi na nidhamu.

Kuna kijana wa Mbagala alilipa kwa mafungu. Siku ya 90 akanitumia picha yake amesimama mbele ya kioo cha kabati, akaniuliza, "Kaka, nakosea wapi?" Alikuwa hajakosea popote. Nikamwambia aongeze mayai.

Vumbi Jekundu:
Ulishawahi kumwambia ukweli?

Mwalimu wa Gym:
Jana usiku, baada ya kusoma habari ya thamosi. Ni miaka minne imepita. Nimemrudishia na pesa yake. Ujumbe ameusoma, bado hajajibu.