Wakuu, nataka kuupanua mchezo wa karata wa "Juu au Chini" kwa bonanza la mtaani Dodoma, naombeni ushauri

MC wa Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kazi yangu ni ushereheshaji hapa Dodoma: send-off, kipaimara, mahafali na bonanza za mitaa. Agosti hii vijana wana bonanza kwenye uwanja wa wazi, na kamati imenipa saa nzima baada ya mechi niijaze kwa mchezo mmoja wa jukwaani. Timu ni nne: Nkuhungu, Chang'ombe, Majengo na Ipagala.

Nimeuchagua ule wa juu au chini. Kwa wasioujua: Marekani ulianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya NBC mwaka 1978 kwa jina la Card Sharks, mtangazaji akiwa Jim Perry. Waingereza nao wakaanza wa kwao kwenye ITV ya Uingereza mwaka 1980, Play Your Cards Right, chini ya Bruce Forsyth. Kila mshindani ana safu ya karata tano zilizofunikwa. Ya kwanza inafunuliwa, unasema inayofuata ni juu au chini. Ukipatia unasonga, ukikosea mwenzio anapata nafasi kwenye safu yake. Ila ili uguse karata lazima kwanza ushinde swali: watu 100 waliulizwa jambo fulani, wangapi wamesema ndiyo? Mmoja anataja idadi, mwenzake anasema jibu halisi liko juu au chini ya hapo.

Shida yangu ni kwamba karata tano naziona chache kwa saa nzima. Nawaza safu ya karata kumi kwa kila timu, timu zote nne jukwaani kwa pamoja, halafu fainali. Zikifunguka karata mbili zinazolingana nifanyeje? Na zawadi nizipangeje? Nina mbuzi mmoja, kuku kadhaa na kilo za mchele.

Nipo hapa nasubiri, hata wa kukosoa aje.

Kitukuu cha Mtemi

Niko siti ya mbele na karanga zangu. Ngoja waje wajuzi.

Mwalimu wa Hesabu Kibaigwa

Mkuu, usiongeze karata kabla hujapiga hesabu.

Chukua pakiti ya karata 52, mbili ndiyo ya chini kabisa, ree ya juu kabisa. Ikifunguka 2, zimebaki 51 na kati yake 48 ziko juu, kwa hiyo anayesema juu anapatia mara 94 katika 100. Ikifunguka kingi, anayesema chini ana 44 kati ya 51, kama 86 katika 100. Sasa ikifunguka 8: juu ziko 24, chini ziko 24, na tatu zinalingana nayo. Hapo hata fundi wa karata hafiki nusu, ana 47 katika 100. Ukizijumlisha zote, mtu anayetumia akili kwenye karata ya kwanza anapatia kama mara 72 katika 100.

Wengi wakifika hapa wanaizidisha tu hiyo 72 katika 100 kwa yenyewe, mara nne kwa karata nne za kubahatisha, wanapata kama 27 katika 100 kumaliza safu ya karata tano bila kukosea. Ukweli uko chini kidogo ya hapo, kama 24. Sababu ni tamu kweli. Kila ukipatia, unavutwa kuelekea katikati. Ree unaifikia tu ukiwa umesema juu. Nane unaifikia ukitoka chini uliposema juu, na unaifikia pia ukitoka juu uliposema chini. Kwa hiyo aliyepatia ndiye anayekutana zaidi na saba, nane na tisa, yaani zile zinazoua. Kuanzia karata ya pili uwezekano wako unashuka kwenye 69 hivi.

Safu ya karata kumi maana yake ni kupatia mara tisa mfululizo. Inatokea kama mara nne katika mia. Umewasimamisha watu wa Chang'ombe juani saa nzima wakisubiri kitu cha mara nne katika mia?

MC wa Nkuhungu

Mwalimu, hapo kwenye kuvutwa katikati umenifungua macho. Lakini si lazima wamalize kwa mkupuo mmoja, zamu inazunguka.

Mwalimu wa Hesabu Kibaigwa

Inazunguka ndiyo, lakini kwa kanuni ya asili aliyekosea anarudi mwanzo wa safu yake, zile alizofungua zinaondolewa na kuwekwa mpya. Kwa karata kumi utawaona wanafika ya nne, wanarudi. Ya tano, wanarudi. Watazamaji watahamia kwenye mishikaki.

Zabibu Kavu

Naunga mkono hoja ya Mwalimu, ila mimi nakuja kwa upande wa jukwaa. Niliwahi kusaidia kuandaa michezo ya namna hii chuoni. Kinachowatoa watu sauti ni ile sekunde ambayo mchezaji ana njia mbili na zote zina hatari. Urefu wa safu hauleti hilo. Kwa hiyo ongeza maamuzi, karata ziache tano.

Mchezo wenyewe tayari unayo mawili ambayo hujayataja. La kwanza, aliyeshinda swali anaruhusiwa kuibadilisha karata ya kuanzia. Ikimtokea nane, anaomba nyingine, na huenda ikaja saba! Hapo uwanja mzima unakuwa kocha. La pili ni kuganda. Umefungua karata ya tatu, ni 9, moyo unakwenda mbio. Unasema "tunaganda hapa". Nafasi yako inalindwa, ukirudi unaanzia hapo hapo, lakini safari hii hutaendelea tena, na ili urudi lazima ushinde swali jingine. Ukiacha kuganda ukakosea, mwanzo.

Mimi ningefanya nusu fainali mbili, timu mbili mbili. Timu nne jukwaani kwa pamoja zitakuchanganya hata wewe mwenye maiki. Kila nusu fainali nani-atawahi-michezo-miwili. Wakifungana moja moja, mchezo wa tatu uwe wa karata tatu tu, hata Marekani enzi za Jim Perry walikata mzizi hivyo hivyo.

Halafu timu iwe na watu watano, lakini anayesema neno la mwisho awe mmoja, nahodha. Wengine wampigie kelele anavyotaka wao, mwamuzi asikilize mdomo wa nahodha tu. Hii usiidharau, ndiyo itakayokuepusha na ugomvi.

Kijana wa Ihumwa

Maswali ya watu 100 ndiyo utamu wenyewe, msiyapite haraka. Mkuu tafuta vijana wawili wenye madaftari wakaulize kweli, usitunge idadi. Watu watajua. Soko la Majengo, Sabasaba, stendi, Mji wa Serikali Mtumba, wanafunzi wa UDOM. Kila kundi swali lake:

"Bodaboda 100 wa Dodoma tumewauliza: umewahi kumbeba mbuzi?"

"Watumishi 100 waliohamia kutoka Dar: umekula mlenda ukaomba kuongezewa?"

"Wamama 100 wa Majengo: mume wako anajua bei ya nyanya leo?"

Hilo la mwisho tu litakupa dakika kumi.

Zabibu Kavu

Hahaha, la mlenda nalipigia kura. Nyongeza moja: majibu yakitoka 3 au 97, litupe swali. Yafaa yale ya 25 hadi 75, ambako mtu anaweza kubisha. Na msiulize mambo ya kumdhalilisha mtu mbele ya wakwe.

Mama Kongwa

Jamani wanangu, na mimi niseme. Karata kwenye uwanja wa wazi mbele ya wazee na watoto, mmeliwaza hilo? Mtaani kwetu mtu akiona karata zinafunuliwa na watu wamezunguka, anachokumbuka ni pata potea ya stendi. Kuna wazazi watawaita watoto wao warudi nyumbani, na viongozi wa dini hawatakuelewa hata ukieleza vipi. Tumia kitu kingine chenye juu na chini.

Konda wa Singida

Mama umegusa penyewe. MC, tumia mikoa! Sensa ya 2022 ipo. Kila kadi iwe na jina la mkoa mbele, idadi ya watu nyuma. Inafunguka Dodoma, watu 3,085,625. Kadi inayofuata imeandikwa Morogoro: juu au chini? Juu, 3,197,104. Tabora? Juu tena, 3,391,679. Kisha Mwanza 3,699,872. Halafu unawatupia Njombe, 889,946, mtu aliyezoea kupanda anaporomoka.

Na nawakumbusha tu ndugu zetu wa Moshi kwamba Singida tuko 2,008,058 na Kilimanjaro 1,861,934. Tuheshimiane.

Mwalimu wa Hesabu Kibaigwa

Konda leo umekunywa chai gani? Wazo zuri, na jingine zuri ndani yake: mikoa 31, hakuna idadi mbili zinazolingana, kwa hiyo swali la MC la kulingana linakufa. Ila linabadilisha asili ya mchezo. Kwenye karata hakuna anayejua ijayo, mama ntilie na profesa wako sawa. Kwenye mikoa mwalimu wa jiografia atazoa kila kitu, na jina limeshaandikwa mbele, hamna tena kufunua kwa mshtuko. Mimi ningeiweka mikoa kama raundi ya kufungulia, kisha safu kuu iwe ya kadi za namba.

Mama Kongwa

Kadi za namba sina neno nazo. Kopa na shupaza ndizo sizitaki.

MC wa Nkuhungu

Nimekupata mama, shikamoo. Nitachora 1 hadi 13, kila namba kadi nne za rangi nne, hesabu ya Mwalimu inabaki ile ile na hakuna picha ya kingi wala malkia. Kulingana je?

Zabibu Kavu

Kwenye safu za timu, zikilingana umekosea. Ni kali, lakini inatokea kama mara sita tu katika mia na ikitokea uwanja unalipuka. Kwenye fainali, ambako mtu anaweka pointi kwenye kila kadi, usifanye hivyo, pointi alizoweka zirudi kwa mwenyewe. Marekani nako mwanzoni aliyelinganisha alipoteza hata kwenye raundi ya fedha, baadaye wakalegeza.

Fainali sasa, hapa ndipo pa kuumiza kichwa. Raundi yao ya mwisho ilikuwa na kubahatisha mara saba. Unaanza na dola 200, unaweka kiasi unachotaka kwenye kila kadi, ukipatia unaongezewa kiasi hicho hicho, ukikosea unakipoteza. Baada ya kubahatisha mara tatu unafika safu ya pili, unaongezewa 200 nyingine. Kadi ya juu kabisa ni lazima uweke angalau nusu ya ulizonazo. Aliyeweka zote kila mara na kupatia zote aliondoka na dola 28,800. Wewe tumia pointi: anza na 10, abahatishe mara tatu, ongeza 10, abahatishe tena mara tatu, halafu ya mwisho aweke nusu au zaidi. Asiyekosa na anayeweka zote anafika 1,440.

Hapa hesabu ya Mwalimu inakuwa mali ya mchezaji. Kwenye 1, 2, 12 au 13 weka zote. Kwenye 7, ambayo ndiyo katikati yako, weka kidogo kabisa. Raha ya mtazamaji ni kumwona mtu anaweka zote kwenye 7 kwa sababu ameota.

Mwanasheria wa Kijiweni

Mimi si wakili, ila nimeona hapo juu maneno "kuweka" na "zawadi" nikashtuka. Kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, na Bodi yake ipo kazini. Mshiriki asilipe chochote ili acheze, pointi zisinunuliwe, na mtazamaji asiuziwe tiketi yenye namba ya kushindania mbuzi. Hilo la tiketi ni bahati nasibu, nayo inataka kibali. Zawadi zitoke kwa kamati au mfadhili. Ukiwa na shaka waandikie Bodi mapema, na mkusanyiko wenyewe muage mtendaji wa kata na polisi.

Kamari za pembeni kati ya watazamaji zikemee kwa maiki tangu mwanzo.

MC wa Nkuhungu

Hakuna kiingilio, mbuzi katolewa na mfanyabiashara wa hapa hapa mtaani. Pointi 500 na kuendelea mbuzi, chini ya hapo kuku wawili na mchele. Timu zilizotolewa nusu fainali kuku mmoja mmoja.

Fundi Bango wa Makole

Mnaongea yote, hakuna aliyetaja upepo. Agosti, Dodoma, uwanja wa wazi! Kadi za karatasi ngumu zitafunguka zenyewe na vumbi juu, kisha mje mgombane nani kaona nini. Tengeneza ubao wa plaiwudi wenye mfereji juu na chini, kadi iteleze ndani. Kwa nyuma weka miguu iliyojazwa mawe. Kadi ziwe na urefu wa mkono mzima, namba nyeusi kwenye rangi ya njano, aliyeko golini aone. Safu mbili za kadi tano zinaingia kwenye shiti mbili za plaiwudi. Njoo tuongee bei, si kubwa.

MC wa Nkuhungu

Fundi nakuja inbox sasa hivi.

Konda wa Singida

Swali la uchokozi kabla hujaondoka. MC wa Nkuhungu, timu ya Nkuhungu ipo ndani, na wewe ndiye unachanganya kadi?

MC wa Nkuhungu

Sichanganyi. Atachanganya mtu wa Majengo, atakata wa Ipagala, na majibu ya maswali yatakaa kwenye bahasha mkononi mwa Chang'ombe mpaka idadi itajwe. Swali likiwa la Chang'ombe wenyewe, bahasha inahamia kwa mwamuzi wa mpira. Mimi mkononi nitakuwa na maiki tu.