Tupeane uzoefu: PhD ya uchumi ilikupeleka wapi, na tasnifu yako unaitumia kazini?

Mwana wa Newala
Habari za jioni wakuu. Nipo mwaka wa tatu wa PhD ya uchumi. Kozi nimemaliza, mitihani ya kufuzu nimevuka, sasa niko kwenye tasnifu. Naandika kuhusu stakabadhi ghalani kwenye korosho, ule mfumo wa mkulima kuacha mzigo ghalani, kupewa karatasi na kulipwa baadaye. Korosho ndiyo iliyonilea. Msimu wa 2007/08 mfumo ulipoanza kwetu, baba alirudi kutoka chama cha msingi na karatasi mkononi. Mama akaigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Na sabuni nitanunulia nini?" Malipo ya kwanza yalikuja, ya pili tukayasubiri hadi ikafika kupalilia. Novemba 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kusomba, nilikuwa kijijini na madodoso yangu ya shahada ya uzamili. Hapo ndipo nilipoamua kwamba nitaendelea.

Sasa swali. Habari za wakubwa tunazijua. Hayati Prof. Benno Ndulu alifundisha Mlimani, akaongoza AERC, ule muungano wa utafiti wa uchumi Afrika kule Nairobi, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania 2008 hadi 2018. Dk. Mpango PhD yake ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Waziri wa Fedha, kisha Makamu wa Rais. Prof. Lipumba alitoka Stanford, akafundisha, akaingia siasa. Mimi nataka kusikia watu wasiotajwa magazetini. Ulimaliza, ukaenda wapi? Yale uliyoyaandika miaka yote ile yanakusaidia?

Bi Takwimu
Hongera kwa kuvuka mitihani, mdogo wangu. Nitasema yangu bila kuficha.

Nilipitia mpango wa pamoja wa PhD wa AERC, ule ulioanza 2002. Maikro, makro na ekonometriki, yaani takwimu za kiuchumi, tulisoma chuoni kwetu, halafu tukaenda Nairobi kwa kozi za kuchagua. Unakaa dawati moja na mtu wa Ibadan, nyuma yako mtu wa Yaoundé, wote mnakesha na swali lile lile. Hao ndio ninaowapigia simu hadi leo nikikwama, na wengi wao wako benki kuu na wizara za fedha za nchi zao.

Tasnifu yangu ilihusu mahitaji ya fedha, yaani kipato na bei zikipanda watu wanataka kushika fedha kiasi gani. Lilikuwa swali la moto, kwa sababu Benki Kuu yetu iliendesha sera kwa kulenga ujazi wa fedha, yaani kiasi cha fedha kilichomo kwenye mzunguko. Nikaajiriwa humo humo. Januari 2024 Benki ikaacha kulenga kiasi cha fedha, ikahamia kwenye mfumo wa kuongoza kwa riba yake, ikaanza na asilimia 5.5. Nilikuwa nimetumia miaka mitano kwenye ule mlinganyo, na siku ile niliumia, sitaki kudanganya.

Kilichobaki ni kitu ambacho hakimo kwenye sura yoyote ya tasnifu. Nikiwa mwanafunzi nilipoteza wiki tatu kwa matokeo yasiyoeleweka, kumbe mwezi mmoja kwenye safu ya bei ulikuwa na sifuri iliyozidi. Tangu hapo siamini safu ya namba kabla sijaichora. Mwaka juzi ililetwa ripoti, maharage kwenye mji mmoja yamepanda mara kumi ndani ya mwezi, na mezani wameshaanza kujadili ukame. Niliomba karatasi ya mkusanya bei mwenyewe. Sifuri. Hiyo ndiyo PhD yangu inavyofanya kazi.

Mtu wa Kisauni
Mie ni mchumi katika serikali ya kaunti. Tasnifu yangu ilihusu tija ya viwanda vidogo, na kazini siitumii hata ukurasa mmoja. Natengeneza bajeti, najibu maswali ya wawakilishi wa wadi, basi.

Lakini la kukwambia, ndugu yangu, ni la msimamizi. Wangu alikuwa hodari kwelikweli. Nikiwa na sura mbili mkononi akateuliwa serikalini. Simu hazipokelewi, barua pepe hazijibiwi, na idara ikakataa kunipa mwingine kwa kuwa yeye hajajiuzulu. Nilimaliza mwaka wa nane. Mke wangu ndiye aliyelipa kodi ya nyumba miaka mitatu kati ya hiyo, kwa mshahara wa ualimu wa msingi. Hata hao wakubwa uliowataja, walipoondoka chuoni huenda kuna wanafunzi walibaki ukumbini. Omba wasimamizi wawili tangu mwanzo, na iandikwe.

Omwana wa Muleba
Mimi nimebaki chuoni kufundisha, na sijutii.

Nikiwa mtoto walikuja wageni nyumbani wakatupima urefu na uzito, wakahesabu mbuzi na migomba, wakauliza nani amefariki. Ilikuwa miaka ya UKIMWI, baba mdogo tulimzika 1992. Nilikuja kuelewa nikiwa mwaka wa pili wa PhD, msimamizi aliponipa data za kaya za Kagera. Ni utafiti wa 1991 hadi 1994, kaya zaidi ya 900, wakawatafuta watu wale wale 2004 na tena 2010, hata waliohamia Uganda. Beegle, De Weerdt na Dercon walitumia data hizo wakaonyesha, 2011, kwamba waliotoka kijijini matumizi yao yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki.

Nilipofungua faili kuna namba za kaya tu, majina hayamo, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini nilikaa nikitazama mistari yenye mtu mzima aliyekufa kati ya awamu moja na nyingine, nikajua mmoja wapo huenda ni wa kwetu. Mchango wangu ulihusu yatima na shule. Kila mwaka nawapa wanafunzi data hizo, na kabla hawajagusa kompyuta nawaambia mbuzi walihesabiwaje.

Bi Takwimu
Mwana wa Newala, zile stakabadhi za baba zipo?

Mwana wa Newala
Zipo dada. Mama anazo kwenye sanduku la bati, misimu kumi na moja, na nyingine za majirani waliomwomba awatunzie.

Bi Takwimu
Tarehe ya kupeleka mzigo na tarehe ya kulipwa zote zimeandikwa?

Mwana wa Newala
Ya mzigo ipo kwenye karatasi. Ya malipo mama aliandika nyuma kwa penseli, kila moja.

Omwana wa Muleba
Kijana, nenda nyumbani.

Mwana wa Newala
Nimekata tiketi ya Jumamosi.