Waandishi, ulilipataje kundi la kusomeana na kukosoana? Tupeane uzoefu

Morogoro (mwanzisha uzi)

Habari zenu ndugu waandishi.

Niliandika miaka sita peke yangu. Wasomaji wangu walikuwa watatu: mke wangu, mdogo wangu na rafiki wa kazini. Wote jibu lao moja: "Nzuri sana, endelea." Nikapeleka muswada kwa mchapishaji, ukarudi na sentensi moja kwamba hadithi inachelewa kuanza. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli, na katika miaka sita hakuna aliyewahi kuniambia.

Nikaanza kutafuta watu. Sikutangaza popote. Kwenye semina moja nilikaa jirani na mwalimu wa sekondari anayeandika hadithi za watoto. Nikamwomba kurasa zake kumi, nikazisoma siku mbili, nikamrudishia na alama za penseli. Zangu aliziomba mwenyewe. Baadaye akaja na mwenzake, mimi nikaja na wangu, tukawa wanne na hatujaongezeka.

Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, saa kumi jioni. Kurasa zinatumwa wiki moja kabla, zisizidi kumi. Mwenye kazi anakaa kimya mpaka wote wamalize kusema. Utaratibu huo hatukuubuni sisi. Warsha nyingi za uandishi Marekani zinaufuata, hasa zile zilizoiga programu ya Chuo Kikuu cha Iowa iliyoanza mwaka 1936. Mwanzoni niliuona mgumu kuuvumilia. Halafu nikafikiri: kitabu kikishachapwa, sitakuwa sebuleni kwa msomaji kumweleza nilikusudia nini.

Siku ya kwanza wote watatu walidhani Shomari, mhusika wa hadithi yangu, ni babu wa binti aliyemo humo. Ni baba yake! Nilikuwa namwita "mzee" tangu ukurasa wa kwanza, kwa maana ile tunayosema "mzee wangu", na kichwani mwangu palikuwa wazi kabisa. Nilibadilisha maneno manne, sura nzima ikakaa sawa.

Nanyi mlianzaje?

Tanga

Mdogo wangu, umegusa penyewe. Sisi wa ushairi tuna desturi hiyo zamani. Watu walijibizana kwa mashairi kwenye magazeti, na UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, kipo tangu 1959. Kosa la mwenzako ulilijibu kwa ubeti.

Mimi nilikosolewa mara ya kwanza na mzee mmoja wa Pangani. Nilimsomea shairi langu, yeye anagonga meza kwa kidole. Nilipofika "Nilikuja asubuhi, mlango wake ulifungwa", kidole kikasimama. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nihesabu kwa vidole: kipande cha kwanza mizani, yaani silabi, 8, cha pili 9. Nilikuwa nimelisoma shairi lile zaidi ya mara ishirini bila kuisikia ile moja ya ziada, maana ulimi wangu ulikuwa unaimeza. Ikawa "mlango wake wafungwa".

Kwa hiyo katika kundi letu mtunzi hasomi shairi lake, anasomewa na mwenzake. Mtunzi huvuta sauti pale palipopungua na kukimbia pale palipozidi, hata bila kujua. Msomaji mgeni anajikwaa palepale penye tatizo, na mtunzi anajisikilia mwenyewe. Mara nyingi hatuhitaji hata kusema neno.

Nairobi

Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na watu 60. Siku moja nikahesabu ya mwezi mzima: hadithi 14 zilitumwa, na maoni yote yalikuwa picha za makofi na moto. Tulitoka watano tukaanza upya na sharti moja: hutumi yako kabla hujasoma mbili za wenzako na kuandika ulipotea wapi. Huu ni mwaka wa tatu.

Mwanza

Kaka wa Morogoro, asante kwa uzi huu. Yangu haikuanza vizuri.

Kundi la kwanza nililojiunga nilikuwa mwanamke peke yangu. Hadithi yangu ilihusu mama anayeondoka kwenye ndoa na kuwaacha watoto kwa bibi yao. Jioni nzima walijadili kama mwanamke mwema anaweza kufanya vile. Hakuna aliyezungumzia sentensi hata moja. Nilirudi nyumbani nikaweka kalamu chini miezi minane.

Nilipokwenda Kampala kimasomo, mwenzangu akanipeleka FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichoanza miaka ya 1990. Wana kikao cha kusomeana Jumatatu. Wengi wanaandika Kiingereza, nami nilitafsiri kurasa zangu ili zisomwe. Hawakunipa ushauri. Waliniuliza: kwa nini anaondoka usiku? Nani anajua kwamba anaondoka? Sikuwa na jibu la swali la pili, na jibu nililolitafuta ndilo likawa hadithi yenyewe: mama mkwe alijua, akamfungulia mlango.

Tangu hapo nawaambia wanaoanza: ukitoka kwenye kikao na maswali kuhusu wahusika wako, rudi tena. Ukitoka na hukumu juu yao, tafuta watu wengine. Si lazima wawe wanawake. Wawe wanasoma kilichoandikwa.

Mombasa

Sisi tuko watatu mtandaoni: mimi, mwenzangu wa Unguja na mmoja aliye Muscat. Saa tatu usiku yetu ni saa nne yake, naye huamka mapema, basi hatuchelewi.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa lahaja. Nyanya wa kwenye hadithi yangu anamwita mjukuu: "Ndoo hapa." Mwenzangu wa Unguja akauliza ndoo imetoka wapi, mbona hakuna kisima! Kwetu "ndoo" ni "njoo". Tukavutana wiki mbili. Tulichokubaliana: kwenye midomo ya wahusika lahaja haiguswi, ila mwandishi aweke tendo litakalomsaidia msomaji. Sasa nyanya anasema "ndoo hapa" huku amenyoosha mkono, na mtoto anakwenda.

Dodoma

Natamani sana, ila naogopa. Je, mtu akichukua wazo langu akaandika yeye?

Morogoro (mwanzisha uzi)

Hofu hiyo niliijua. Kisheria, hakimiliki inalinda maandishi yako tangu unapoyaandika, hata hujayasajili, lakini hailindi wazo tupu. Kwa hiyo usisimulie wazo ambalo hujaliandika, peleka kurasa. Na tuma kwa barua pepe, tarehe ibaki. Katika kundi letu kila mtu amezama kwenye hadithi yake mwenyewe, sijaona mwenye nafasi ya kuandika ya mwenzake.

Nitumie kurasa zako tatu za kwanza kwa ujumbe wa faragha. Jumapili nitakurudishia nikuonyeshe nilipopotea. Nami nitakutumia zangu tatu, ufanye hivyohivyo.