Skrini nyeusi, V5C mkononi, meli ya tarehe 14

Kiprono (Njoro / Leeds)

Wakuu, habari za wikendi. Naomba msaada wa haraka. Nina kupe (coupé) la milango miwili, petroli 2.0, la 2021, lile toleo jipya lililoletewa skrini kubwa ya kugusa dashibodini. Baada ya apdeti ya programu, skrini imekuwa nyeusi tii. Injini inawaka sawa na saa za mbele ya dereva zinafanya kazi. Ofisi ya waranti imejibu kwa barua ya aya moja: programu haimo. Nafasi ya meli ya Mombasa ni tarehe 14 mwezi ujao. CoR (cheti cha ukaguzi wa gari kabla ya kwenda Kenya) bado, V5C (logibuku ya Uingereza) ninayo. Swali ni moja tu: gari lenye skrini nyeusi linapita ukaguzi wa CoR, ama niahirishe meli? Nasikia pia Nakuru siku hizi kuna mafundi wa skrini. Asanteni.

Wekesa (Bungoma / Coventry)

Kiprono ndugu yangu, gari gani? "Kupe la 2021" si jina. Taja aina, na namba ya kipuri pamoja na zile herufi za mwisho, ndipo tuzungumze. Kwa sasa fanya haya kabla hujampa mtu hata peni.

Anza na betri. Gari likishalala usiku mzima, weka mita kwenye nguzo zenyewe za betri, si kwenye vishikio vya waya. Volti 12.6 kwenda juu ni nzuri, 12.2 ni nusu tanki, na chini ya 12 usiguse lolote la kompyuta. Ukiwasha injini iwe karibu 14. Nasisitiza hili kwa sababu apdeti nyingi hufia hapo. Gari liko "on" dakika arobaini bila injini, feni inazunguka, taa zinawaka, umeme unashuka polepole, na kompyuta inazimika ikiwa katikati ya kujiandika upya. Gereji inayojua kazi hufunga chaja ya kushikilia volti kabla ya kuanza. Kama ni gereji iliyokufanyia apdeti, waulize kama waliifunga, na wakujibu kwa maandishi.

Halafu weka rivasi usikilize. Vihisi vikilia na redio ikisikika, kompyuta iko hai. Kilichokufa huenda ni kioo cha skrini au kebo yake. Kukiwa kimya kabisa, angalia fyuzi ya mfumo wa burudani, kisha kompyuta. Katika magari mengi ya sasa skrini na kompyuta ni vitu viwili mbalimbali, na bei zake si majirani.

Jaribu kuuzima mfumo: shikilia kitufe cha sauti sekunde 10, mengine hutaka hadi 30, mpaka nembo ijitokeze. Usikimbilie kuchomoa betri. Chomeka skana kwenye tundu la OBD (la kusomea hitilafu za gari) kwanza na upige picha ripoti nzima, maana misimbo ile ndiyo ushahidi wako. Kwa kundi la Volkswagen soma anwani 5F, ndiyo ya mfumo wa burudani.

Atieno (Kisumu / Leicester)

Shem Wekesa, umemfundisha ufundi ilhali shida yake ni ya ofisi. Kiprono, waranti uliyonunua na haki yako ya kisheria ni vitu viwili. Waranti ikikataa, unarudi kwa aliyekuuzia. Consumer Rights Act ya 2015, kifungu cha 16, inasema bidhaa yenye programu ndani yake ikikosa kuwa sawa kwa sababu ya programu, basi bidhaa yenyewe haiko sawa. Barua yao ya "programu haimo" haimgusi muuzaji hata kidogo.

Angalia tarehe ya kununua. Ndani ya siku 30 unaweza kulikataa gari na kudai pesa zote. Baada ya hapo na ndani ya miezi 6, hitilafu inahesabiwa kwamba ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo, naye ana nafasi moja tu ya kulitengeneza. Ikipita miezi 6, mzigo wa ushahidi unahamia kwako, ndipo ile ripoti ya skana ya shem inapokuwa dhahabu.

Kama ulilipa kwa kredit kadi, hata amana tu, gari likiwa kati ya £100 na £30,000, Section 75 ya sheria ya mikopo (Consumer Credit Act) inaibana kampuni ya kadi pamoja na muuzaji. Waranti ikiwa imeandikwa kama bima, andika malalamiko rasmi, hesabu wiki 8, kisha FOS (msuluhishi wa malalamiko ya fedha). Wakishakupa jibu la mwisho una miezi 6, usiiache ipite.

Na gari likiwa kwenye PCP au HP (mikopo ya gari ya kulipa kila mwezi), hiyo tarehe 14 isahau. V5C inamtaja mtunzaji, haimtaji mwenye mali. Mwenye mali ni kampuni ya mkopo mpaka umalize kulipa, na bila barua yao gari halitoki nchini.

Mzee Barasa (Malava / Reading)

Kwanza hilo neno "kupe". Kwetu Malava kupe tunampeleka josho.

Ninyi mnapanga barua na mita wakati ubaya ni muundo wenyewe. Nani aliwaambia dereva wa mwendo wa maili 70 atafute kiyoyozi ndani ya menyu? Gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipima mwaka 2022: kazi nne za kawaida kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa. Volvo V70 ya 2005 yenye vitufe ilizimaliza kwa sekunde 10. Gari moja jipya la skrini lilitumia sekunde 44.6, maana yake zaidi ya kilomita moja macho yakiwa kwa skrini. Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, nao wamechoka: kuanzia 2026, gari linalotaka nyota tano liwe na vidhibiti vya kushikika kwa mambo matano, yaani indiketa, hazadi, honi, waipa na wito wa dharura.

Sasa lipelekeni Timboroa saa kumi na moja alfajiri, kioo kimeingia ukungu ndani na lori la miwa liko mbele. Utapapasa wapi?

Wekesa

Mzee shikamoo, lakini tusichanganye mambo. Si kila skrini mpya imemeza kiyoyozi. Audi A5 ya 2020 iliondoa kile kidude cha kuzungusha pale kati na kuleta skrini ya kugusa ya inchi 10.1, ila vitufe vya hewa na cha kuondoa ukungu kioo cha mbele vilibaki pale pale, unavipata kwa kidole bila kutazama. Hapo Timboroa utapita salama. BMW 4 Series ilifanya kinyume: kidude chake cha kuzungusha (iDrive) kikabaki, halafu kwenye toleo la 2024 hewa nyingi ikahamia skrini. Na Lexus LC ilikuwa na kile kibao cha kupapasia tangu 2017, kimelaaniwa miaka yote. Toleo la 2024 kikaondolewa, ikaja skrini ya kugusa ya inchi 12.3, na wenye magari wakashukuru. Kwa hiyo usiseme "skrini" kana kwamba ni mnyama mmoja. Uliza ni kazi gani imehamia humo. Redio, sawa. Ukungu wa kioo, hapana.

Kiprono, gari gani?

Mzee Barasa

Marahaba. Nimesoma. Lakini ubaridi wa kiti uko wapi? Menyu ya tatu.

Wanjiru (Nakuru, nimerudi)

Salamu kutoka nyumbani, mvua imenyesha leo na Lanet yote ni tope. Naongea upande wa huku, maana mnadhani kazi inaishia Mombasa.

Skrini ya gari la UK ikifika Nakuru hupoteza nusu ya kazi zake hata ikiwa nzima. Ramani ni ya Ulaya, kwa hiyo utaona mshale unaelea mahali patupu. DAB (redio ya dijitali) hakuna. Programu za simu za kufungua milango na kuwasha joto hutegemea huduma ya mtengenezaji iliyosajiliwa kule, usizitegemee. Kinachobaki ni CarPlay ama Android Auto (simu yako kwenye skrini), kamera ya rivasi, na FM. FM haina shida kwa sababu Ulaya na Kenya wote tuko 87.5 hadi 108. Wenye kuteseka ni wa magari ya ex-Japan, redio inaanzia 76 na kuishia 95, mpaka ufunge kile kifaa cha kuongeza masafa kwenye waya wa antena. Hao pia fundi akichomoa betri, Toyota inaomba msimbo wa ERC (wa kufungua redio) kwa Kijapani na skrini inakuwa pambo.

Mafundi wa skrini wapo kweli, hapa na Kibuye kule Kisumu. Wanabadilisha kioo cha juu kilichopasuka na wanauza redio za Android. Kwa Vitz ni sawa kabisa. Kwa kupe la Kijerumani la 2021, kompyuta iliyotolewa gari lingine imefungwa kwa namba ya chesi ya lile gari. Itawaka na kukataa kufanya kazi mpaka ifunguliwe kwa mtandao wa mtengenezaji, na si kila mwenye laptopu na kebo ana ruhusa hiyo. Kwa hiyo ukinunua kipuri cha mtumba huko Uingereza, kifungeni kwenye gari huko huko na kifunguliwe kwa mtandao huko huko kabla ya meli.

Na jambo dogo ambalo haliko kwenye kitabu cha gari: waosha magari wetu. Kijana akimaliza dashibodi kwa ile mafuta ya kung'arisha, hupitisha kitambaa hicho hicho kwenye skrini. Inabaki na utando wa upinde wa mvua, jua la saa saba likipiga huoni kitu, na kidole kinateleza. Kisha analeta dawa ya madirisha yenye amonia kuuondoa, na safu ya kuzuia mng'ao inaondoka nayo, hairudi. Weka kitambaa chako laini kwenye mlango, maji kidogo kwenye kitambaa na si kwenye kioo, futa skrini ikiwa imezimwa. Kisumu ongeza kizuia jua cha kioo cha mbele, dashibodi pale Oginga Odinga Street inachemka chapati.

Kodi, kwa haraka: ushuru wa forodha 35%, excise (ushuru wa bidhaa) 25% kwa injini ya 2.0, VAT 16%, IDF (ada ya tamko la uagizaji) 2.5%, RDL (tozo ya reli) 2%. Jumla 80.5%.

Atieno

Dada Wanjiru hapana, hazijumlishwi hivyo. Zinapandiana mgongoni. Chukua thamani ya forodha 1,000,000. Ushuru ni 350,000. Excise inahesabiwa juu ya 1,350,000, yaani 337,500. VAT juu ya 1,687,500, yaani 270,000. IDF 25,000 na RDL 20,000 ni za thamani ya mwanzo. Jumla 1,002,500. Unalipa gari mara mbili. Na thamani hiyo si bei uliyonunulia Leeds, ni CRSP (bei ya rejareja iliyoorodheshwa) ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ikipunguzwa kwa umri wa gari.

Isipokuwa anarudi kuishi. Kiprono, umekaa nje miaka 2 na zaidi, gari umelimiliki na kulitumia miezi 12, na ndani ya miaka hiyo 2 ziara zako zote nyumbani hazijazidi siku 90? Basi omba msamaha wa mkaazi anayerejea kabla ya kufikiria skrini.

Wanjiru

Sawa dada, nimekubali. Ila gari lazima liwe chini ya miaka 8 hata kwa huo msamaha, na usukani uwe kulia. La 2021 halina neno.

Mzee Barasa

Na akishalipa hiyo milioni, barabara ya Rironi–Mau Summit ikishapanuliwa atalipa na tozo juu yake. Barabara ya kwetu, kodi yetu, tozo yetu. Nimesema.

Wanjiru

Mzee, ile barabara ilivyokuwa pale Salgaa, wengine tutalipa tu.

Mzee Barasa

Pale Salgaa hapakuhitaji tozo, palihitaji malori yasishuke mteremko wa Sachang'wan gia huru. Lakini haya, mahindi ya kuchoma Mau Summit bado yapo?

Wanjiru

Yapo, na pilipili na ndimu. Njoo.

Atieno

Mnanitia njaa. Mimi ni samaki wa Dunga, mzima, wa kukaanga halafu kuchemshwa na nyanya. Hii tilapia ya barafu ya Leicester haina ladha.

Jambo moja kabla sijasahau, nimeona mtu kwenye uzi mwingine anawashauri watu kutuma V5C yote Swansea, kwa DVLA (wasajili wa magari). Msifanye hivyo. Jaza sehemu ya kusafirisha gari kwa kudumu, chana kipande hicho tu (V5C/4 kwenye logibuku za zamani), kitume DVLA. Logibuku iliyobaki inasafiri na makaratasi ya gari, Mombasa wanaitaka halisi, si fotokopi. Roadi taksi ya miezi mizima iliyobaki utarudishiwa kwa hundi, kwa hiyo waachie anwani ambayo kuna mtu atapokea barua.

Kiprono

Asanteni sana wote, nimejifunza mengi. Nimeweka rivasi, vihisi vinalia. Dada Atieno, ni kwenye HP, imebaki miezi minne, sikujua kuhusu hiyo barua. Kwa hiyo kwa upande wa CoR niendelee tu? Na kuna mtu ana nafasi kwenye kontena ya mwezi wa sita, friji moja na magunia mawili ya nguo?

Wekesa

Vihisi vinalia, na redio ikisikika pia basi kompyuta iko hai, usikubali kuuziwa kompyuta. Sasa niambie betri ilisoma ngapi. Na gari gani?