Baridi yabisi na prednisoloni: mifupa ilindweje?

Kibwagizo: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mama, miaka 58, ana baridi yabisi. Yuko kwenye methotreksati (dawa ya kutuliza ugonjwa, mara moja kwa wiki), na prednisoloni, ile steroidi ya kupunguza uvimbe, miligramu 10 kila siku, mwezi wa nne sasa. Eksirei ya mgongo imetoka safi. Tuamini mifupa iko salama? Kalshiamu peke yake inatosha?

Mfamasia_Tanga: Marahaba. Hapana kwa yote mawili. Eksirei huonyesha mfupa uliokwisha kuvunjika. Kupungua haikuonyeshi mpaka sehemu kubwa imeshaliwa. Ombeni kipimo cha DEXA, picha inayopima uzito wa mfupa, cha nyonga na uti wa mgongo. Na msisubiri, maana steroidi hula mfupa kwa kasi zaidi miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, zikianzia pingili za mgongo.

Daktari akitumia FRAX, kikokotoo cha hatari ya kuvunjika mifupa, mkumbusheni dozi. Kinauliza tu kama mgonjwa anatumia steroidi, hakiulizi kiasi gani. Akizidi miligramu 7.5 kwa siku, hatari ya kuvunjika nyonga ambayo kikokotoo kimetoa huzidishwa kwa 1.2.

Yabisi_Kavu: Msiitupie lawama steroidi yote. Ugonjwa wenyewe, viungo vikiwa vimevimba muda wote, huziamsha seli zinazobomoa mfupa. Kwa hiyo methotreksati ikifanya kazi, prednisoloni ishushwe polepole kwa ratiba ya daktari. Kuikata ghafla ni hatari, mwili unakuwa umeacha kutengeneza steroidi yake wenyewe.

Mfamasia_Tanga: Kalshiamu: jumla miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mtindi vinasaidia sana. Kidonge cha kalshiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalshiamu halisi 500 tu, na kimezwe pamoja na chakula. Vitamini D, yuniti 600 hadi 800.

Akiandikiwa alendroneti, dawa ya kuzuia mfupa usiliwe, ya miligramu 70, hapo ndipo wengi wanapokosea. Ni mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu. Chai ya maziwa huifanya isifyonzwe. Kisha nusu saa asilale wala asile. Kidonge kikikwama kooni kinachoma umio. Figo zipimwe kwanza, na meno ya kung'oa yang'olewe kabla ya kuanza.

Kibwagizo: Asante mkuu. Sasa atakuwa na dawa mbili za mara moja kwa wiki?

Mfamasia_Tanga: Ndiyo, na ndiyo mtego. Wekeni siku mbili tofauti, tuseme alendroneti Jumapili na methotreksati Jumatano, muandike kwenye pakiti kwa kalamu ya wino mzito. Methotreksati ikimezwa kila siku kimakosa inaweza kuua.

Yabisi_Kavu: Akipata maumivu ya ghafla katikati ya mgongo, hata kwa kuinua ndoo tu, au mkiona amefupika, arudi apigwe eksirei nyingine. Msimkande.