Mfuko mmoja wa unga, watu saba kwenye picha: tuendelee kuposti au tuache?

Mwana Chumbageni
Wadau, za jioni. Kikundi chetu hapa Tanga kina watu kumi na wanane, tunachangishana na kuwapelekea wazee wasio na watu unga, sabuni na dawa za presha. Mwanzoni tulikuwa hatupigi picha, michango ikafa. Tulipoanza kurusha picha WhatsApp na Facebook, simu zikaingia hadi kutoka Muscat. Sasa mwezi uliopita tumempelekea bibi mmoja wa Muheza godoro na mfuko wa sembe kilo 25. Tukaomba picha, akakubali, akajitanda kanga vizuri. Siku ya tatu picha imemfikia mkwewe Dar. Kampigia simu usiku anafoka: wamekutangaza omba-omba, sisi tumekufa? Asubuhi bibi kalirudisha godoro kwa bodaboda, limefungwa kamba ya katani, nailoni haijatolewa. Unga kabaki nao. Nauliza: tuendelee kuposti wenye shida, au tuache? Wenzangu wanasema tukiacha kikundi kimekwisha.

Fundi Saa
Hiyo picha ninayo, iko grupu la mtaa wetu. Mfuko mmoja, watu saba wameushika, wawili wao nadhani wameushika kwa macho tu. Mkuu, hiyo si sadaka, hiyo ni kampeni ya udiwani.

Mwana Chumbageni
Hakuna mgombea pale. Sisi tulikuwa sita, wa saba ni dereva wa bajaji aliyetubeba bure. Nimwambie asimame pembeni?

Fundi Saa
Haya, sita.

Wa Kisauni
Nyinyi mwacheka, lakini picha huokoa watu. Mwaka 2011 njaa ilipopiga Turkana, tuliona wale watoto kwa TV na kwa simu, ndipo Msalaba Mwekundu, Safaricom na wenzao wakaanzisha Kenyans for Kenya. Walitaka shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja, zikapita. Mimi nilituma mia kwa M-Pesa nikiwa kwa foleni ya feri Likoni. Bila kuona ningetuma? Nisikudanganye.

Spea Gulu
Mie niko Gulu, kaskazini mwa Uganda, nauza spea za pikipiki, na hayo ya kuona mwulizeni mtu wa Lira. Machi 2012 Wamarekani wa Invisible Children walitoa Kony 2012, video ya kutaka Joseph Kony, mkuu wa waasi wa LRA waliotupiga huku, akamatwe; ikatazamwa mara milioni 100 ndani ya siku sita. Ikaletwa Lira, wakafunga kitambaa, waliopigwa na ile vita wakajaa kutazama. Wanachokiona ni baba Mzungu anamweleza mwanawe mdogo nani mbaya nani mzuri. Yakaanza mawe, onyesho likavunjika.

Dogo Kange
Ila si ndiyo video iliyosaidia jamaa akakamatwa?

Spea Gulu
Akamatwe wapi? Hajakamatwa hadi leo. Video inatoka, mwenyewe alikuwa keshahama Uganda miaka kama sita.

Nesi Mstaafu
Mimi nauliza jambo dogo tu. Bibi wa dawa za presha mnampelekeaje sembe? Mngempa dona.

Mashine Pongwe
Nilijua tu atatokea mtu wa dona. Mama, nasaga unga kila siku, nakwambia kilo 25 za dona kwa bibi anayekaa peke yake ni kumpelekea wadudu. Kiini kina mafuta, wiki chache tu unga umeshachacha. Sembe inakaa.

Nesi Mstaafu
Nimekaa wodini miaka 31. Sembe ni wanga mtupu, pumba zote mnabaki nazo nyie mnauza za kuku. Sishangai mwenye mashine akiitetea.

Mashine Pongwe
Pumba zangu zimeingiaje hapa? Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya mahindi. Ukikoboa, sehemu ya sumu inaondoka na pumba. Ukisaga dona unakula yote. Wodini hawakuwaambia?

Nesi Mstaafu
Sumukuvu inaanzia kwenye kukausha na kuhifadhi. Anika mahindi juu ya turubai, usianike juu ya udongo kama pale kwako, maana nimepita nikaona.

Dogo Kange
Mama kapita kweli 😂

Wa Kisauni
Dona ndiyo ile ya kusaga mtaani bila kukoboa? Huku wengine waiita unga wa posho.

Spea Gulu
Huku posho ndiyo ugali wenyewe. Watoto shuleni wanakula posho na maharage.

Fundi Saa
Kumbe! Huku posho ni bahasha ya semina. Kwa hiyo mtu wa asasi akisema amekula posho, Uganda wanadhani kashiba ugali.

Afisa Mradi
Fundi Saa, hiyo imenichoma. Nina miaka tisa kwenye asasi, mwaka jana miezi mitatu hatukulipwa, nilikuwa nakwenda kijijini kwa nauli ya kukopa. Hukuona picha yake kwa sababu hakuna aliyeiposti.

Fundi Saa
Dada sikukusudia wewe. Ila bahasha zipo.

Afisa Mradi
Zipo, na wewe umewahi kusaini. Turudi kwenye mada. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sura yako ni taarifa yako. Kenya wana yao ya 2019, na mwaka 2023 shule moja Nairobi ilipigwa faini ya zaidi ya milioni 4 za kwao kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ofisini kwetu tunapiga mikono tu inayopokea, sura haipo.

Wa Kisauni
Mikono haichangishi, dada. Nimeona mikono mingapi nikapita tu.

Mwana Chumbageni
Na bibi idhini alitoa! Mkwe ndiye hakutoa. Sasa idhini ya ukoo mzima tunaipata wapi?

Mashine Pongwe
Kwa faida ya wasomaji, turubai ninayo, siku ile ilikuwa inafuliwa.

Mwana Chumbageni
Jamani, mada yangu mmeisaga dona. Jana nimekwenda Muheza peke yangu, simu nimeiacha nyumbani makusudi, maana godoro liko sebuleni kwangu na mwanangu keshalitoboa nailoni. Nikamwomba bibi radhi kwa ile picha, nikamwambia tumeifuta. Akanikunjia uso: mmeifuta kwa nini? Kumbe hana picha nyingine, ya mwisho alipiga ujanani studio, ikaliwa na mchwa. Anataka niitafute, isafishwe kubwa, iwekwe fremu. Ila sisi sita tukatwe.

Fundi Saa
Ninayo, nakutumia sasa hivi. Na dereva wa bajaji?

Mwana Chumbageni
Kasema huyo abaki. Ndiye aliyemwingizia unga mpaka jikoni.