Mama anatetemeka mikono

Kitindamimba: Jamani mama leo mikono inatetemeka vibaya hata kikombe hakishikiki, katapika mara mbili toka asubuhi na anaongea kama ulimi mzito. Naogopa

Mjomba: Hizo dawa za akili ndo zinammaliza dada yangu. Nilisema toka mwaka jana. Tupeni zote

Dada Mkubwa: Shikamoo mjomba. Tusitupe tafadhali, alivyoziacha ghafla ile mara tuliona wote, usiku kucha halali anaongea tu mpaka tukampeleka kwa nguvu. Sitaki kurudi kule

Shangazi: Poleni wanangu. Isije kuwa presha?

Binamu Nesi: Subirini kwanza. Bado anatumia lithiamu, ile dawa yake ya akili? Kuna dawa yoyote mpya kaanza?

Kitindamimba: Lithiamu ndio, dozi ile ile. Mpya ni ya goti, wiki iliyopita tulienda kliniki moja akapewa diklofenaki ya maumivu anameza mara 3 kwa siku. Hawakuuliza anatumia nini kingine na mimi sikusema, sikujua kama inahusu 😭

Binamu Nesi: Ndo hiyo. Diklofenaki, hata ibuprofeni, zinafanya figo zishindwe kuitoa lithiamu ikajaa kwenye damu, halafu akitapika maji yanapungua mwilini inazidi kupanda. Vidole kutetemeka kidogo ni kawaida ya lithiamu lakini hivi ulivyosema hapana. Anatembea vizuri?

Kitindamimba: Anashika ukuta

Binamu Nesi: Mpeleke dharura SASA HIVI usisubiri kesho. Dozi ya leo usimpe mpaka wamuone, diklofenaki acha kabisa. Beba dawa zote na maboksi yake, ukifika tu sema anatumia lithiamu, wapime kiwango chake kwenye damu na figo na chumvichumvi za mwili. Kumbuka saa aliyomeza mara ya mwisho watakuuliza

Kitindamimba: Tunatoka

Dada Mkubwa: Mungu wangu

Mjomba: Kwa hiyo hii dawa harudii tena?

Binamu Nesi: Mjomba hilo aamue bingwa wa magonjwa ya akili, siyo sisi. Lithiamu imemtuliza miaka yote hii, tatizo ni kuchanganyiwa. Ila tujiulize pia, damu kapimwa lini mwisho? Wengi lithiamu kwenye damu inatakiwa iwe 0.6 mpaka 1.0 hivi, damu inachukuliwa yakipita masaa 12 toka dozi ya mwisho, na figo na thairoidi, ile tezi ya shingoni, zinaangaliwa walau kila miezi 6

Dada Mkubwa: Mwaka umepita. Tunachukua dawa dirishani tunaondoka, daktari hata hatumuoni. Ni mimi niliyekuwa nampeleka jamani

Shangazi: Usijilaumu mwanangu, umembeba mama yako peke yako muda mrefu

Kitindamimba: Majibu yametoka, lithiamu 2.1. Kalazwa, katundikiwa dripu, wanapima tena baadaye

Binamu Nesi: Mmewahi. Asiruhusiwe kabla hamjaandikiwa rufaa kwa bingwa. Dada andika kila kitu, dawa zote, dozi, ameanza lini, aliugua lini akiacha, na ya goti mumuulize anaweza kumeza nini. Kuanzia leo dawa yoyote hata ya dukani tuuliziane hapa kwanza

Dada Mkubwa: Naandika sasa hivi

Mjomba: Nimesoma yote. Nisameheni kwa ile ya kutupa. Nitumieni wodi na namba ya kitanda, usiku huu nakaa naye mimi, huyo mtoto akalale

Kitindamimba: Asante mjomba. Kaulizia kama unakuja 🙏